Hawa Hakumlisha Mama Uchafu

Sharja, Uarabuni
Machi 1999

Mdogo wangu Buya,

Salamu zitangulie, kwa sababu mama hakutulea vibaya: hata anayekwenda kugombana hubisha hodi kwanza. Hujambo? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujakaa sawa tangu Ijumaa, na ukiendelea kusoma utajua aliyeutibua ni nani. Keti chini. Kama kuna wateja, wangoje.

Mama hajambo? Nauliza habari yake ya kweli, si ile uliyoniandikia. Anakula nini siku hizi? Anakwenda mtoni mwenyewe au bado anashikwa mkono? Katika barua yako iliyopita uliandika: "Mama alipata malaria kidogo, sasa ameamka, usijali dada." Nikasoma, nikaamini. Nikazunguka sokoni kumtafutia chandarua kizuri, cha kitambaa chepesi kisichomziba pumzi. Chandarua, Buya! Mtu amelishwa maradhi kwenye sahani, na mimi huku napima kitambaa cha kuzuia mbu.

Ijumaa alikuja Jillo. Unajua yuko hapa bandarini anapakua mizigo, na unajua alikuwa likizo huko kwetu, maana wewe mwenyewe ulimkaribisha siku ya kufungua hoteli yako. Alipitia chumba tunachoishi sisi wanawake wa kazini, tukakaa naye kwenye baraza ya chini. Aliniletea pakiti ya simsim kutoka kwa mama. Nikamtilia chai, nikamuuliza kama mtu anayeuliza la kawaida:

"Mama amepona vizuri? Hiyo malaria haikumwacha dhaifu?"

Jillo akaweka kikombe chini. "Malaria gani?"

"Aliyoniandikia Buya."

Akatazama barabarani kama anayetafuta njia ya kuondoka. Wewe unamjua Jillo, ni Muorma wa watu, hapendi kuingia kati ya ndugu. Mwishowe akasema, "Hadija, mimi nilikuwa pale. Nilikula pia. Ile haikuwa malaria."

Nikainuka, nikaenda bombani, nikanawa uso. Nikarudi nikamwambia aanze upya, polepole, aanze kuku walipokuwa hai.

Akaanza. Kwamba umejenga banda la makuti hapo stejini Garsen, mahali abiria wa Lamu wanapokaa kusubiri eskoti ya polisi iwalinde na majambazi. Kwamba umeandika kwenye bati, kwa rangi nyekundu: KUKU WA SHARJA, KWA HADIJA. Kwamba unawaambia abiria dada yako anapika kwa Waarabu na amekufundisha kila kitu. Mimi nimekufundisha nini, Buya? Ulipoandika kuniuliza wanatia viungo gani, nilikujibu viungo huja kwenye mifuko iliyofungwa na hatujui kilichomo. Hukuuliza jingine. Hukuuliza mikono tunaiosha lini.

Siku ya kufungua ulimleta mama kutoka shambani, ukamkalisha mbele kwenye kiti chenye mto, ukampa yeye paja la kwanza. Heshima nzuri. Mama alivaa leso mpya. Jillo anasema kuku alipendeza kwa nje, mwekundu kama wa kwenye picha ya tangazo. "Nilipomvunja kwenye mfupa," akasema, "damu ikatoka. Nikafikiri labda ndivyo wanavyokula Sharja, nikaona haya kuuliza."

Kulipokucha walikuwa wanatapika na kuharisha, aliyekula paja na aliyekula bawa. Jillo mwenyewe alilala chini ya mkunazi siku nzima hana nguvu ya kufukuza nzi. Vijana waliinuka. Mama hakuinuka. Walimbeba kwenye pikapu mpaka Malindi, macho yamezama, ulimi umekauka, na huko akatundikiwa maji kwenye mshipa. Mama yetu aliyevuka mafuriko na mfuko wa mbegu kichwani, anakuja kuangushwa na paja la kuku la mwanawe.

Nikauliza, "Na Hawa? Mkewe Buya ndiye aliyemuuguza mama?"

Jillo akainama. "Hawa yuko kwao Ndera. Buya alimrudisha, mtoto yuko mgongoni. Alisema mbele za watu kwamba mke wake ni mchafu, amemlisha mama yake uchafu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, Buya, na haijashuka.

Nilimuuliza Jillo alikaa wapi siku hiyo. Alikaa nyuma, upande wa jikoni, ameegemea ukuta wa makuti, na alisikia kila neno. Alimsikia Hawa akikuomba ubao wa pili na kisu cha pili, ukamjibu kwamba hii si hoteli ya Mombasa. Alimwona akikata kuku mbichi juu ya ule ubao mmoja, akataka kuuosha kwa maji ya moto, ukamwambia maji ya moto ni ya chai ya wateja. Akaufuta kwa kitambaa kwa sababu ulimsimamia, kisha akakatia juu yake nyanya na vitunguu vya kachumbari. Nyanya zenyewe zilisuuzwa ndani ya karai lile lile walilooshewa kuku, maji yale yale, yamekuwa na rangi ya waridi. Na alipokuambia, "Mume wangu, hii nyama haijaiva ndani," ulisema nini? Jillo aliiga sauti yako mpaka nikakuona mbele yangu: "Toa! Toa! Eskoti inaondoka!"

Ile sauti ya toa, toa naijua. Ngoja nikueleze ninaijulia wapi.

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye duka hili la kuku wa kukaanga, nilikuta kuku wamepangwa kwenye trei, weupe, wametoka kwenye friza. Nikafanya kama tulivyofundishwa nyumbani, nikawatia sinki, nikafungua bomba kwa nguvu, nikaanza kuwaosha. Akaja msimamizi wetu, Mhindi anayeitwa Joji, mtu mpole kwa kawaida.

"Unafanya nini?"

"Nawaosha."

"Nani amekuambia uwaoshe?"

Nikajiambia moyoni, kumbe hawa watu ni wachafu hivi! Wanauza kuku asiyeoshwa! Joji akafunga bomba, akaniambia niiname nitazame. Kando ya sinki kulikuwa na beseni la kabichi iliyokatwa tayari. Vitone vya maji ya kuku vilikuwa vimeruka mpaka huko, vimekaa juu ya kabichi vinang'aa. Kabichi yote ikamwagwa. Akanieleza kwamba kuku mbichi ana wadudu wasioonekana kwa macho, maji hayawaui, yanawarusha tu. Kinachowaua ni moto, moto unaofika mpaka mfupani. Kuanzia siku hiyo nikajua kuku mbichi ana meza yake peke yake, kisu chake, na trei zake zina utepe mwekundu. Ukigusa mbichi unanawa kwa sabuni kabla hujagusa hata kitasa cha mlango.

Na usifikiri nakuambia ya Wazungu ni bora kuliko yetu. Duka hili lina jina la Kimarekani lakini Mmarekani hata mmoja sijamwona. Hapa tunauza kuku na mkate wa Kiarabu na ile sosi nyeupe ya kitunguu saumu, na wali wenye zabibu. Rafiki yangu Lusi, Mfilipino aliyekuwa akikaanga pamoja nami, alikuwa akicheka. Kwao duka la jina hilo hilo hutoa kuku na wali na mchuzi mzito, na pembeni tambi zenye sukari. Sukari! Joji naye anasema kwao India wako wasiogusa nyama kabisa, basi wanauziwa viazi vilivyopondwa vikavingirishwa kwenye unga, vikakaangwa kwenye mafuta ambayo kuku hajayapitia. Kila watu wamelazimisha duka liwapikie kama wanavyopenda. Ungetaka kuuza kuku wa Sharja na wali wa nazi, au na ugali na mboga za kunde, nani angekulaumu? Ningejivuna. Lakini huko kote kuku anakobadilishwa, Buya, hakuna wanakomtoa na damu. Wewe ulibeba jina na rangi nyekundu, yaliyobaki ukayaacha.

Sasa sikia ya Lusi.

Ramadhani iliyopita, jua likikaribia kuzama, watu walikuwa wamejaa mpaka nje, kila mmoja anataka ndoo yake ya kuku afike nayo nyumbani kabla ya adhana. Mashine ya kuoshea vyombo iliharibika. Trei safi zikaisha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mafuta, nimefunga, koo limenikauka. Meneja akaingia jikoni, huyu si Joji, ni mkubwa wake, akaziona zile trei zenye utepe mwekundu zimerundikwa, maji ya kuku mbichi bado yamo ndani. Akamwambia Lusi awatie humo kuku walioiva.

Lusi akasema, "Bwana, hizi ni za mbichi."

"Zifute."

"Kufuta hakutoshi, bwana."

Meneja akampigia kelele mbele yetu sote. Akachukua trei mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa, akamsukumia kifuani. Toa! Toa! Watu wanangoja! Nami nikasema kwa sauti, "Bwana, hakutoshi," akaniambia nitazame mafuta yangu. Kuku wakatoka.

Watu wakaugua. Familia moja nzima ililazwa, na ndani yake mwanamke mjamzito. Wakaja watu wa afya wa mji, wamevaa glavu, wakafunga jiko, wakatupanga ukutani. Wakauliza nani aliyepanga kuku siku ile. Meneja hakusita hata kidogo. Alinyoosha kidole. "Huyu," akasema. "Huyu Mfilipino. Hawa wasichana hatujui kwao wanaishije."

Lusi Kiarabu chake ni cha kuombea maji tu. Mimi ninacho kidogo cha madrasa na kidogo cha hapa. Nikatoka kwenye mstari. Nikawaambia: meneja alimwamuru, msichana alikataa, meneja akaifuta trei kwa mkono wake mwenyewe. Meneja akasema mimi ni mwongo. Yule mkaguzi akamuuliza Joji. Joji ana watoto wanne wanaosoma kwa kazi hii, lakini akasema, "Asemalo Hadija ni kweli."

Unataka kujua yaliyofuata? Waliandika yote, wakalitoza duka faini, wakaondoka. Meneja akahamishiwa duka jingine la kampuni hiyo hiyo. Lusi akakatiwa tikiti ya kurudi kwao, eti mikono yake ndiyo iliyopanga. Mimi wakanitoa jikoni, sasa nafuta meza na kuokota karatasi za watu. Siku ya kuondoka nilimsindikiza Lusi mpaka kwenye gari. Hakulia. Alinishika mkono akaniambia, "Angalau wamesikia kwa masikio yao kwamba nilikataa." Akapanda akaenda. Kwao wanajua amefukuzwa kwa uchafu. Atamweleza nani?

Tangu siku hiyo nafuta meza na hasira ninaimeza, kwa sababu huku ukifoka mbele ya mkubwa unarudishwa kwenu. Nilijiambia, haya ndiyo mambo ya ugenini, kwetu mtu hawezi kumtwika mwenzake mzigo hivi mchana kweupe. Kisha anakuja Jillo ananiambia mdogo wangu, tumbo moja, amefanya lile lile. Tena meneja alimsingizia mgeni wa kuajiriwa. Wewe umemsingizia mke uliyemtoa kwao kwa dua, mama wa mwanao, aliyekuambia nyama haijaiva. Yeye alikuambia! Nani mchafu hapo?

Hii ya kwako siimezi. Wewe huwezi kunifukuza.

Najua utakavyojitetea. Utasema bibi alipika kuku miaka yote kwa maji ya mto na hatukufa. Kumbuka vizuri bibi alivyopika. Alichinja jogoo mmoja. Alimwosha, ndiyo, kwa sababu manyoya na matumbo huwezi kuyaacha. Na wewe unayechinja lazima uoshe, sikukatazi. Lakini akishamwosha, yale maji aliyamwaga mbali, na chungu kilikaa motoni mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Ugali ulitoka motoni ukaingia sahanini. Kachumbari bibi hakuijua. Hakukuwa na kitu kibichi pale mezani cha kupokea uchafu wa kuku. Wewe umemchukua jogoo wa bibi, mgumu, anayetaka nusu siku, ukamtupa kwenye mafuta makali kwa sababu basi linapiga honi. Na hatukuwahi kufa, unasema? Mbona kaburi la Maimuna liko pale nyuma ya nyumba? Yule mtoto wa shangazi aliharisha siku mbili, tukasema jicho. Mimi siku hizi sijui tena kama lilikuwa jicho.

Basi nisikilize. Lile bati lenye jina langu litoe leo, kabla hujala. Sitaki mtu ashike tumbo akitaja Hadija. Banda lifunge mpaka uwe na ubao wa kuku na ubao wa mboga, kisu cha kuku na kisu cha mboga, karai la kuku ambalo nyanya haitaligusa maisha yake yote, na sabuni karibu na maji. Kuku mchemshe kwanza mpaka aive, ndipo umpitishe kwenye mafuta apate hiyo rangi unayoipenda. Basi likiondoka, liondoke. Abiria mwenye njaa atafika Lamu. Abiria mgonjwa sijui atafika wapi, na barabara yenyewe ile ya majambazi, gari haliwezi kusimama mtu akashuka porini.

Na uende kwa wote waliokula siku ile, mlango kwa mlango, uwaambie haikuwa Hawa.

Hili la mwisho ndilo gumu kwako, nakujua. Tangu utotoni wewe ukikosea hukasirika, na ukikasirika huondoka. Safari hii hakuna pa kuondokea.

Mpe mama salamu zangu. Mwambie simsim nimeipokea, nimeikaanga, chumba kizima kimenukia kwetu na wasichana wa Kihabeshi wameimaliza. Msalimie shangazi Fatuma msusi wa mikeka, mwambie namuombea mgongo wake. Msalimie mjomba Komora mwenye mtumbwi, na mwalimu wetu wa madrasa ambaye Kiarabu chake kimenifaa mbele ya wakaguzi. Mwambie hivyo hivyo, atafurahi. Shemeji yangu Hawa simpelekei salamu kupitia kwako, kwa sababu hayupo nyumbani kwako.

Anayekukabidhi barua hii mkononi ni Mzee Bakari wa Kipini, baharia, anarudi kwao kupumzika. Mpe mahali pa kulala na maji ya kuoga. Asubuhi hatakwenda Kipini moja kwa moja. Atapanda gari la Hola, ashuke Ndera, amtafute baba mkwe wako, na mbele ya Hawa amweleze kila kitu kilichotokea jikoni mwako siku ile. Jillo amemsimulia yote, nami nimemwapisha. Humzuii, mawimbi makubwa kuliko wewe yalijaribu yakashindwa.

Lakini nimemwapisha na jambo la pili. Ukipanda naye lile gari, mkafika Ndera pamoja, yeye atakaa kimya, na wewe ndiye utakayesema.

Ni mimi dada yako niliyekuachia ziwa la mama,

Hadija